Risasi Hizo Nani Kambebea?

Barua ya wazi kwa waongozaji na waandishi wa filamu wa Afrika Mashariki

Whitehall, Ohio

Ndugu zangu waongozaji, waandishi wa skripti na watayarishaji wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Goma,

Mimi si mtu wa filamu. Ni mtoto wa Bukoba niliyeishia Ohio, usiku napanga maboksi ghalani, mchana naandika makala. Nawaandikia kwa sababu kila nikirudi nyumbani likizo nakutana na kijana mwenye kamera anayeniambia kwamba wakati umefika wa kupiga filamu kubwa ya Vita vya Kagera. Nakubaliana naye kabisa. Kisha anatoa simu na kunionyesha filamu ya Kimarekani anayotaka kuifuata, na hapo kila mmoja wetu anashika njia yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilimpeleka baba mdogo kwenye kibanda cha video kumwona Rambo. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, mabenchi mafupi, na mkalimani amesimama ubavuni mwa televisheni akitafsiri maneno ambayo nusu yake hayakusemwa na mtu yeyote. Sisi watoto tulijua kanuni: stelingi hafi. Baba mdogo hakuijua. Alikaa amekunja mikono, midomo inachezacheza, nikadhani anasali. Kumbe anahesabu. Stelingi alipomaliza kuifyeka kambi nzima kwa bunduki ya mkanda, baba mdogo akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia nauli ya Muleba: "Risasi zote hizo nani kambebea?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mkalimani akamjibu kwamba risasi za Wamarekani huwa haziishi. Baba mdogo hakucheka. Alikuwa bado anasubiri jibu.

Hesabu yake nimeirudia mara nyingi tangu siku ile. Bunduki ile ni M60. Yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo 10, inatema risasi kama 550 kwa dakika, na mkanda wa risasi 100 una kilo zipatazo 3. Yaani ukibana kidole kwa dakika moja umemaliza kilo 16. Na huyu bwana hana shati, hana begi, hana hata mfuko wa kuwekea kiberiti. AK nayo, ambayo mtoto wa Goma anaijua kwa mlio tu, ukiiachia mfululizo inamaliza magazini ya risasi 30 kwa sekunde 3. Ni muda wa kumwamkia afande na kuitikiwa. Kwenye filamu inapiga mpaka wimbo unakwisha.

Lakini sikuja kugombana juu ya bunduki. Bomu la mkono linalotoa moto mwekundu kama petroli (na kweli ni petroli, mafundi ndiyo wanayoilipua), pini inayong'olewa kwa meno, watu wanaonong'onezana siri dakika moja baada ya mzinga kulia sikioni mwao: hayo ni viungo vya mchuzi, nayasamehe. Wenzenu wa Wakaliga, Kampala, walitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa vijisenti, helikopta za kompyuta, huku VJ anashangilia juu ya picha kama yuko uwanjani. Naipenda sana. Hakuna aliyetoka pale akidhani amefundishwa vita ni nini. Hofu yangu iko kwa filamu inayosifiwa kuwa ya kweli tupu, halafu ukiitazama vizuri, nusu ya jeshi haimo.

Baba mdogo alikuwa wa nusu hiyo. Novemba 1978, majeshi ya Amin yakiwa yameikalia ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera na daraja la Kyaka limeshalipuliwa, serikali ilikusanya malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi kila kona ya nchi. Yeye alikuwa dereva wa lori la ushirika. Walilichukua lori, wakamchukua na yeye, kwa kuwa gia ya pili ya lori lile ilikuwa na kiburi na hakukuwa na mwingine aliyeweza kuiingiza. Ndivyo alivyokwenda vitani. Hakuwahi kumpiga mtu risasi. Alibeba unga, maharage, chumvi, mablanketi, mafuta, mabomu ya mizinga, majeruhi. Safari moja alibeba masufuria matupu, lori zima, kwa sababu kikosi fulani kilikuwa na chakula cha wiki nzima na hakikuwa na pa kukipikia.

Ukimuuliza habari za Lukaya, yale mapigano ya Machi 1979 kwenye barabara inayokata kinamasi kati ya Masaka na Kampala, jibu lake lilikuwa moja: "Lukaya niliisikia." Alikuwa nyuma, chini ya lori, anabadilisha springi kwa mwanga wa tochi aliyoivalisha soksi. Alisikia roketi za Saba Saba zikinguruma huko mbele, akahisi ardhi ikitetemeka mgongoni, na wasiwasi wake wote ulikuwa jeki isiteleze. Angekufa usiku ule, angeuawa na jeki. Wenzake wa miguu ndio waliotembea kutoka mpakani hadi Kampala, na alipowabeba majeruhi kurudi nyuma, alisema, wengi walikuwa wanalalamikia vidole vya miguu kabla ya jeraha lenyewe. Buti zilizolowa wiki tatu zinakula ngozi.

Sijaona filamu hata moja ambayo jeki ni adui.

Sasa niwaeleze ninapoishi, maana ni mji huu ulionifanya nimwelewe mzee yule. Whitehall ni kamji kaliko ndani ya Columbus kama kisiwa. Ukisinzia kwenye basi namba 10 unaweza kuuvuka usijue. Kando ya Broad Street kuna uzio mrefu, na nyuma ya uzio majengo mapana yasiyo na sura. Ni bohari ya jeshi la Marekani, ipo hapo tangu 1918. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa miongoni mwa bohari kubwa kabisa za kijeshi duniani. Leo ni makao ya kitengo kinachonunua vipuri vya vifaru, malori, meli na nyambizi (vya ndege viko Richmond, Virginia), na humo humo kuna ofisi ya mahesabu inayowalipa wakandarasi. Asubuhi maelfu ya watu wanaingia getini na vikombe vya kahawa, wanakaa mbele ya kompyuta, wanaagiza nati, washa, mipira ya breki, feni za injini. Jioni wanarudi makwao. Ukiwaondoa walinzi, ungesema ni idara ya maji.

Jirani yangu, mzee mstaafu wa pale, aliniambia kifaru kilichokosa sili ya dola mbili ni chuma cha tani 60 kinachongoja kupigwa. Mkewe anapenda filamu za vita. Zikianza, yeye hutoka nje kukata majani. Nilimuuliza kama zinamkumbusha mabaya, maana ndivyo tunavyodhani juu ya kila mtu aliyewahi kuvaa kombati. Akasema hapana. "Humo ndani hakuna mtu anayeagiza kitu," alisema, na akawasha mashine yake.

Wazee wawili, mmoja wa Bukoba na mwingine wa Ohio, hawajawahi kuonana, na wote wawili wanauliza stoo iko wapi.

Ukipanda tena lile basi namba 10 kuelekea magharibi, barabara ni ile ile, unafika katikati ya jiji kwenye makumbusho ya kitaifa ya wastaafu wa jeshi, jengo la mviringo la zege kando ya Mto Scioto, lililofunguliwa Oktoba 2018. Nilikwenda nikitarajia mizinga. Nikakuta barua, picha na sauti za watu wakieleza walivyokula kiapo, walivyoaga, walivyorudi. Nilijikuta nimesimama muda mrefu mbele ya vitu ambavyo nyumbani tungevichoma pamoja na takataka.

Mfano mmoja wa filamu ile inayosifiwa kuwa ya kweli huku nusu ya watu hawamo mtauelewa upesi, kwa kuwa unatuhusu. Columbus ina Wasomali wengi kuliko mji wowote wa Marekani ukiiacha Minneapolis, na kuna mgahawa ninakokunywa chai na ndugu mmoja aliyekulia Dadaab na Eastleigh. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu. Tarehe 3 Oktoba 1993, Wamarekani walipopigana Mogadishu, alikuwa mtoto wa miaka saba mjini humo. Tuliwahi kuitazama pamoja Black Hawk Down, ile filamu ya Ridley Scott ya 2001 juu ya mapigano hayo. Kwa ufundi sina neno: vurugu za vichochoroni, amri zinazogongana redioni, askari anayefanya la kijinga kwa sababu hasikii, vyote vimepigwa vizuri. Jeshi la Marekani liliazimisha helikopta za kweli na askari wa kweli, na mji ukatengenezwa Morocco. Wamarekani 18 waliokufa katika mapigano yale wanaombolezwa. Wasomali waliokufa wanakadiriwa kuwa mamia, na kwenye filamu wanakuja kama siafu. Filamu ilipotoka Wasomali wa Marekani walilalamika kwamba hakuna hata mmoja wao aliyepewa nafasi ya kuigiza. Na waliokwenda kuwatoa Wamarekani mtegoni usiku ule, Wamalaysia na magari yao ya deraya, Wapakistani na vifaru vyao, wanapita kama teksi. Malaysia walikaa na donge hilo miaka zaidi ya ishirini, mpaka 2023 wakatoa filamu yao wenyewe, Malbatt: Misi Bakara.

Ndugu yangu wa chai aliitazama mpaka mwisho, kimya. Halafu akasema: "Mji wangu humu hauna mpishi, hauna mwalimu, hauna mtoto mwenye mafua. Sasa sisi tulikuwa tunaishi wapi?"

Tusiwalaumu wageni peke yao. Tazameni tulivyojifanyia wenyewe, au tulivyofanyiwa tukazoea. Dar es Salaam, pale Posta, kuna sanamu ya askari wa shaba, singe mbele, tangu 1927. Kila mtu anaijua. Mpagazi hakupata sanamu Dar, alipata soko. Kariakoo ni masikio yetu yaliyolisikia jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kama Nairobi walivyolisikia wakapata Kariokor. Nairobi angalau walimkumbuka: katika ile sanamu ya Kenyatta Avenue ya 1928, mpagazi amesimama na askari. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Unga wa mahindi uliopikwa nusunusu, kwa watu waliozoea wali au ndizi, uliua watu ambao bunduki haikuwahi kuwaona. Mishahara ya wengi haikuwafikia ndugu zao.

Hebu ipigieni hesabu hii kama waandishi wa skripti. Mpagazi anabeba kama kilo 25. Anakula karibu kilo moja kwa siku. Akitembea siku 25, amekula mzigo wake wote na amefika mikono mitupu. Na akitaka kurudi akiwa hai, siku ya kumi na mbili lazima ageuke, awe amefika au hajafika. Kwa hiyo anahitajika mpagazi wa kumbebea mpagazi chakula, na huyo wa pili naye ana tumbo. Kuna ofisa mahali fulani, penseli mkononi, anayejua kwamba kila kilo anayoisogeza mbele inamgharimu watu. Mnataka hadithi ya kumkosesha mtu usingizi? Hiyo hapo, na hamjalipua hata nyumba moja.

Hollywood ilipita karibu nayo. The African Queen, mwaka 1951, ilipigwa Uganda na Kongo, juu ya vita hivyo hivyo: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, na kiboti kinachozamisha meli ya Wajerumani ziwani. Meli iliyowapa wazo hilo ni Graf von Götzen, na habari zake za kweli zinaishinda filamu. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku 5,000, ikasafirishwa mpaka Kigoma na kuungwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi ili atakayeiibua aikute nzima. Ikaibuliwa. Tangu 1927 tunaiita Liemba, na vizazi vya watu wa Kigoma vimesafiri nayo na magunia yao ya dagaa. Mafundi waliopaka grisi ile, huku adui yuko njiani, ndio ningetaka kuwaona kwenye kioo.

Au nendeni Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw masika yakiwa yamepamba moto, katika matope na malaria, na lugha iliyowaunganisha watu wa King's African Rifles (KAR) kutoka Nyasaland hadi Uganda ilikuwa Kiswahili. Mwaka uliofuata Marekani ikatoa Objective, Burma!, Errol Flynn akiikomboa nchi na Wamarekani wachache. Waingereza walikasirika mpaka ikaondolewa kwenye majumba ya sinema ya London. Kwetu hakuna aliyekasirika, maana hakuna aliyetegemea kuonekana. Fikirini filamu ya Vita Kuu ya Pili ambayo sajini anafokea watu kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, bila DJ Afro wala Lufufu kututafsiria.

Neno juu ya vyombo, kwa kuwa najua mtapiga hodi jeshini kuomba malori na sare. Wamarekani wana utaratibu wao: ukitaka ndege na meli za jeshi kwa bei nafuu, unapeleka skripti wizara ya ulinzi isomwe, na wanaweza kukuambia ufute. Top Gun walikubaliwa. Platoon, iliyoandikwa na Oliver Stone aliyepigana Vietnam kweli, ilinyimwa. Apocalypse Now nayo ikakosa, Coppola akakodi helikopta za jeshi la Ufilipino, na mara nyingine zilimkimbia katikati ya kupiga picha kwenda kupigana na waasi wa kweli. Kenya nao wameanza, Mission to Rescue ya 2021 inahusu makomando wa KDF. Simkatazi mtu kukopa lori la jeshi. Ila ulizeni mapema ni kurasa gani zitabaki mezani kwa mwenye lori, na kama mojawapo ni ile ya askari anayeharisha, ipiganieni. Askari anaharisha. Anangoja pia, na hakuna anayetaka kupiga picha ya kungoja huko, ingawa Jarhead ya 2005 ilithubutu: kijana anafunzwa udunguaji, anapelekwa jangwani, vita vinakwisha hajampiga mtu. Baba mdogo alikaa siku kumi na moja kwenye foleni ya malori kabla ya daraja la muda pale Kyaka. Walicheza karata mpaka mfalme wa kopa akachanika, wakamchora mwingine kwenye kipande cha boksi la sabuni, na kila mtu akawa anajua nani ana mfalme.

Basi ombi langu ni dogo. Kabla hamjakodi bunduki hata moja, nendeni Kyaka, Muleba, Musoma, Songea, mkakae na madereva, wapishi, mafundi, wauguzi, na wanamgambo waliobebeshwa masanduku. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70. Msimuulize aliua wangapi. Kila mwandishi wa habari ameshamuuliza hilo na ameshajifunza la kujibu. Muulizeni alikula nini siku ya tatu. Muulizeni alilala juu ya nini. Halafu nendeni kwa wake zao, mkaulize habari za ile miezi 18 ya kufunga mikanda aliyotuomba Mwalimu, ambayo mama yangu alikuwa bado anaihesabu mwaka 1984, amesimama kwenye foleni ya sabuni na mimi nimemshikia nafasi kwenye ile ya sukari.

Na mkifika kwenye kutafuta vifaa, nina kimoja. Ni spana namba 17, ya chuma cheusi, mdomo mmoja umepanuka kidogo kwa kulazimishwa kwenye nati isiyo yake. Kwenye mpini kuna herufi mbili za jina la baba mdogo, amezichonga kwa msumari, ya pili imekwenda upande kwa sababu alichonga lori likitembea na mtu mwingine ameshika usukani. Ilivuka naye Kagera kwenda na kurudi. Alinipa nilipokuwa naondoka, akaniambia Ulaya kuna baridi na nati zinakaza. Kwake kote huku kulikuwa Ulaya. Sasa iko Whitehall, kwenye droo ya jikoni pamoja na vijiko, hatua chache kutoka kwenye uzio wa watu wanaonunua spana za dunia nzima. Yeye mwenyewe tulishamzika. Nitaituma kwa mkono wa msafiri, si kwa posta, kwa yeyote kati yenu ambaye skripti yake ina dereva mwenye jina. Naomba irudishwe.

Wenu,

Mtoto wa Bukoba